Nyumba ya Snay bin Amir pale Kaze

Wadau, mtanisamehe kwa kupotea. Mwenzenu nilikuwa Tabora kwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, na kabla sijamaliza hata kutoa nguo kwenye begi huku chuoni tumeshapewa asaimenti mbili. Ila nimerudi na deni. Lilinishinda kulilipa darasani, basi ngoja nijaribu hapa.

Deni lenyewe liko hivi. Nilipewa historia ya kidato cha pili, mada ya biashara ya masafa marefu. Mnaikumbuka wote: njia ya kati, njia ya kusini, njia ya kaskazini, kisha athari zake, namba moja hadi namba nane, mwanafunzi anakariri, anaandika, anasahau. Nikasema hapana, hawa watoto wanakaa juu ya ile njia yenyewe, wanapita Kwihara kwa baiskeli, kwa nini wakariri kama wako Mwanza? Siku hiyo nikaacha daftari la notisi mezani nikawapigia stori ya Snay bin Amir. Jamani, walisikiliza! Hata wale wa dawati la nyuma waliacha kuchora.

Mwisho binti mmoja akanyoosha mkono. "Madam, sasa huyu Snay alikuwa mtu mzuri au mbaya?"

Nikampa lile jibu tunalopewa na sisi kwenye lekcha. Nikamwambia tusimhukumu mtu wa kale kwa macho ya leo, yeye alikuwa mtu wa wakati wake. Akakaa. Nikageuka kufuta ubao, nasikia tena, "Madam."

"Ndiyo?"

"Na watumwa wake walikuwa watu wa wakati gani?"

Darasa zima likacheka. Mimi pia nikacheka, ile ya kujikaza. Kengele ikagonga, nikachukua chaki zangu nikaondoka.

Sasa nianze mwanzo, kwa ambao hawamjui huyu bwana.

Tarehe 27 Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka Kaole karibu na Bagamoyo kwenda bara. Walifika Kaze tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Burton alihesabu siku 134, na umbali aliukadiria kuwa si chini ya maili 600, kama kilomita 965 hivi. (Siku hizi unapanda basi Dar alfajiri, usiku unalala Tabora, na bado tunalalamika kwamba dereva alisimama sana.) Kaze ndiyo ilikuwa kitovu cha Waarabu katika Unyanyembe, na ndiyo mbegu ya mji tunaouita Tabora. Waingereza wale walifika wamechoka, wamekondeana, homa imewapiga njia nzima, na watu wao wamewatoroka mara kadhaa. Aliyewapokea ni Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi kutoka Omani.

Aliwapokea hasa. Alihifadhi mizigo yao kwenye ghala zake, akawauzia bidhaa zilizozidi, akawapangia safari. Jambo Burton analolisema kwa shukrani kubwa kuliko yote ni hili: vipindi vyote viwili walivyokaa Kaze, yaani mwishoni mwa 1857 na tena katikati ya 1858, Snay hakukosa kuja jioni kukaa naye, isipokuwa alipokuwa mgonjwa. Burton alikuwa anazungumza Kiarabu vizuri mno (ni yule yule aliyekuja kutafsiri Alfu Lela u Lela miaka ya 1880), kwa hiyo jioni zile zilikuwa zao wawili. Speke hakujua Kiarabu. Yeye ilibidi mambo yapitie kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa akapelekwa India, ambaye alielewana na Speke kwa Kihindi. Yaani fikiria msururu huo, mzungu anauliza kwa Kihindi swali la ziwa la Kiafrika, linajibiwa kwa Kiarabu au Kiswahili, linarudi kwa Kihindi. Halafu kwenye vitabu tunaandikiwa "Speke aligundua".

Burton anamchora mwenyeji wake kama mtu wa makamo, mrefu, mwembamba, macho yameingia ndani, ndevu karibu hana. Anasema alikuwa amesoma sana, na alisoma ili ajifunze, si kujifurahisha tu. Kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu na ulimi wake mwepesi. Alijua lugha, dini na desturi za watu wa bara kama alivyojua za kwao Omani. Alikuwa amefika Tanganyika na kuvuka maji yake, amefika Karagwe, amefika mpaka Buganda enzi za Kabaka Suna. Kile Burton alichoandika juu ya Karagwe, Buganda na Bunyoro katika kitabu chake cha mwaka 1860 hakukiona kwa macho. Hakuwahi kukanyaga huko. Alikisikia jioni, kwenye baraza la Kaze.

Na habari za maziwa je? Wakati ule Ulaya kulikuwa na ramani ya wamisionari iliyoonyesha bahari moja kubwa ajabu katikati ya Afrika, imelala kama konokono. Snay ndiye aliyewaambia wageni wake kwamba hayo ni maziwa matatu tofauti: Nyasa, la Ujiji, na la kaskazini, Nyanza ya Ukerewe, ambalo ni kubwa kuliko la Ujiji. Speke alipoondoka Kaze Julai 1858 kwenda kaskazini alikuwa anafuata maneno ya mwenyeji. Tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa. Burton alibaki Kaze na Snay wakipanga misamiati. Walikusanya maneno kama 1,500 ya Kiswahili, Kizaramo na Kinyamwezi.

Hapo ndipo mimi, mtu wa Elimu mwenye masomo ya Historia na Kiswahili, moyo unaanza kunienda mbio. Maneno 1,500! Kabla ya reli, kabla ya boma la Mjerumani, mtu ameketi Unyanyembe analinganisha lugha tatu za Kibantu neno kwa neno. Kwa maoni yangu jina la Snay lilistahili kuwa kwenye jalada la kile kitabu.

Nyumba nazo zilikuwa na mambo yake. Mwaka 1852 Snay na Mhindi mmoja aliyeitwa Musa Mzuri walihamia Kaze ikiwa pori, wakajenga, wakachimba visima, pakawa mahali pa watu. Waarabu wenyewe walikuwa wachache sana. Burton anasema kwa kawaida hawakuzidi 25, na msimu wa safari wangeweza kubaki watatu au wanne tu. Lakini kila mmoja alikuwa na tembe lake kubwa la udongo, pembe nne, ua katikati, ghala, bustani, na vibanda vya watumwa pembeni. Mbele ya nyumba kuna baraza pana lenye kivuli. Hapo ndipo waliposali asubuhi na jioni, wakapokea wageni, wakafanya hesabu, wakasengenya pia bila shaka. Ndani njia inakunja kona ili mpita njia asione wanawake. Bustanini kulikuwa na vitunguu, ndimu, mipapai. Sukari, kahawa na viungo vilipanda kutoka pwani mabegani mwa watu. Mafundi walikuwepo, wa bunduki, wa kushona, wa kuchonga mbao, wa kusokota kamba.

Stanley alipopita mwaka 1871 akakuta mambo yamezidi: mazulia ya Uajemi, malazi ya kifahari, vyombo vya fedha vya chai na kahawa. Hiyo ni Tabora, wadau, siyo Maskati.

Sasa, mtu mwenye nyumba kama hiyo, anayesoma, anayekaribisha wageni, anayejua lugha za watu, Kiswahili cha zamani kina neno lake. Mwungwana. Ni neno zito, lina maana ya mtu huru, mwenye adabu, mwenye kwao. Na kuna jingine, ustaarabu, ambalo ukilichimba kwenye mzizi wake wa Kiarabu linasema waziwazi kuwa ni kufanana na Mwarabu. Ukikosa hayo mawili, pwani walikuwa na neno la tatu, mshenzi, na hilo walitupa sisi wa bara kwa ujumla.

Lakini huyu mwungwana wetu alianzia wapi? Alianza maisha Maskati akiwa mtengeneza halua. Ndiyo, halua hii hii ya kahawa. Ndani ya miaka 16 akawa mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa Afrika Mashariki katika biashara mbili, na Burton anazitaja zote mbili bila kupepesa, pembe na watumwa. Anazitaja katika ukurasa ule ule anaomsifu kwa uaminifu na heshima.

Nilipofika hapo kwenye usomaji wangu nilirudi nyuma kwenye zile jioni. Nani alileta kahawa? Kile kisima alikichimba nani? Na kubwa zaidi kwangu, yale maneno ya Kinyamwezi Snay aliyapata wapi? Mtoto wa Maskati hakuzaliwa na Kinyamwezi mdomoni. Alikisikia kwa wapagazi, kwa wanawake wa ndani, kwa watoto wa uani, kwa watu aliowanunua. Msamiati ule ulipikwa na wengi, ukapakuliwa na mmoja.

Na tusifanye kosa la kudhani kwamba Unyanyembe palikuwa patupu pakisubiri mwanga wa baraza. Palikuwa na mtemi, Fundikira, makao yake Itetemia. Huyu naye stori yake tamu. Burton anasema baba yake alipofariki, Fundikira alikuwa njiani kwenda pwani akiwa mpagazi kwenye msafara. Habari zikamkuta huko huko, akaweka mzigo, akarudi kutawala. Kwa hiyo mtawala wa nchi alikuwa mtu wa msafara kabla Snay hajamwaga zege lake (haya, udongo wake). Wanyamwezi walikuwa wanakwenda pwani wenyewe, na kubeba mzigo njia ile ndefu ilikuwa kipimo cha uanaume. Kijana asiyewahi kwenda alionekana bado.

Makazi ya mtemi kwa Kinyamwezi na Kisukuma ni ikulu. Leo neno hilo liko wapi? Magogoni na Chamwino. Kwenye darasa langu nilipoandika neno hilo ubaoni kuna kijana alipiga makofi. Sisi tunahesabu kila siku maneno tuliyopokea kutoka Kiarabu, lakini jina la nyumba kubwa kuliko zote nchini limetoka huku kwetu, limeshuka na njia ile ile iliyopandisha vikombe vya fedha.

Waarabu walijua kabisa kwamba wako nchini kwa mtu. Ndiyo maana Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimuoa Karunde, binti wa Fundikira. Tippu Tip mwenyewe ameandika habari hizo kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake. (Ukitaka kuona Kiswahili cha mfanyabiashara wa karne ya 19 kisome, hakina mapambo, ni pembe, baruti, frasila, tumekwenda, tumerudi.) Kwa hiyo "utamaduni wa Waarabu wa Tabora" ulilelewa pia na wanawake wa Kinyamwezi waliokuwa wake ndani ya zile tembe. Mtoto aliyezaliwa humo angeongea lugha gani na mama yake?

Fundikira alifariki mwaka 1858. Aliyerithi ni Mnywa Sele, kijana, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la kawaida kabisa kwa mtawala yeyote: akatoza kodi bidhaa zinazoingia nchini kwake. Waarabu wakakataa. Hapa nadhani ndipo mtu anapojulikana. Miaka yote wamekula, wamelima, wamechimba visima katika nchi ya watu, wamepewa hata mabinti, na siku mwenye nchi anaposema lipeni kidogo, wanachukua bunduki. Walimfukuza wakamweka Mkasiwa, ambaye waliona anawafaa. Mnywa Sele akaishi porini akiwakata kwenye njia ya misafara. Speke alipopita tena, mwaka 1861, alikutana naye akamsikiliza manung'uniko yake, na alimuona kijana mwenye haki yake kwa kiasi fulani.

Snay alikuwa upande wa wenzake. Msomi wetu, mwenye kumbukumbu ya ajabu, aliyejua desturi za watu kama za kwao, alitoka na bunduki kwenda kupigana, na akauawa vitani mwaka huo huo wa 1861. Mnywa Sele naye alikamatwa akauawa mwaka 1865. Tabora haikutulia baada ya hapo, akaja Mirambo, ila huyo ni wa siku nyingine, nikimuanza leo hatulali.

Kwa muda nilitaka kumtetea Snay kwa kusema alilazimika. Nimeshindwa. Kusema kweli naona elimu yake yote juu ya Wanyamwezi haikumsaidia kuwaona kama watu wanaoweza kumdai.

Jumamosi moja nilikwenda Kwihara. Ni kilomita chache tu kutoka mjini. Tembe la Livingstone lipo pale, limekarabatiwa, ndani kuna vitu vya makumbusho. Tunaliita la Livingstone kwa sababu alikaa humo mwaka 1872, kwanza na Stanley, halafu peke yake akingoja wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti alipoondoka kwenda kufia kusini. Lakini nyumba ilikuwa ya Said bin Salim. Na huyu Said ni nani? Ni yule yule aliyekuwa kiongozi wa msafara wa Burton na Speke mwaka 1857, aliyefika Kaze nao hoi, baadaye akawa liwali wa Unyanyembe. Jina lake halipo midomoni mwa watu. Nyumba yake imepewa jina la mpangaji.

Nilisimama barazani nikajaribu kuona jinsi walivyokaa. Ukuta mnene, ndani ubaridi, nje jua la Tabora mnalijua. Kuna utulivu wa kweli pale, ningekuwa na kitabu ningesoma mpaka jioni. Hilo lilinisumbua, kwamba ningependa kukaa pale.

Na miembe. Miembe mikubwa ya Tabora watu husema ilipandwa na Waarabu. Mlinzi mmoja mzee njiani aliniambia hivyo hivyo, nikamuuliza, "Mzee wangu, shimo alichimba Mwarabu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Aa, mwanangu. Mwarabu atashika jembe?"

Sasa nije kwa bibi. Bibi yangu mzaa mama anaishi Tabora, na kipindi chote cha BTP nilikuwa nakula kwake Jumapili. Upande wa baba sisi Wanyamwezi, lakini bibi ni Mmanyema, watu ambao asili yao ni Kongo ya mashariki, ng'ambo ya Tanganyika. Bibi anajivunia mambo mawili, wali wake wa nazi, na uungwana. Ukila na mkono wa kushoto anasema, "Sisi waungwana." Ukiingia bila hodi, "Sisi waungwana." Kanga anafunga kipwani, Kiswahili chake kina "lakini" na "taratibu" iliyonyooka, Kimanyema hajui hata salamu.

Jumapili baada ya lile swali la darasani nikamuuliza.

"Bibi, bibi yako alifikaje Tabora?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Alikuja na watu."

"Watu gani?"

"We mke mwenzangu una maneno leo. Alikuja na watu. Alikuwa mdogo."

"Alikuja na wazazi wake?"

Kimya. Mawe ya mchele yanaanguka kwenye sinia, moja, lingine. Halafu akasema, "Alikuja mwenyewe. Akalelewa kwenye nyumba ya watu. Akafunzwa dini, akafunzwa kupika. Akaolewa vizuri. Haya, niletee maji."

Nikaleta maji.

Mtoto mdogo wa kike, ametoka ng'ambo ya ziwa bila wazazi, anakulia kwenye nyumba ya watu. Nimesoma historia miaka yote hii na ninajua sentensi hiyo inaitwaje. Bibi naye anajua. Na ninaelewa kwa nini "sisi waungwana" kwake si majivuno matupu. Kwenye misafara hata mtumwa wa pwani akifika bara alijiita mwungwana, ili asiitwe mshenzi. Ulikuwa mlango wa kutokea. Waliingia kwenye zile nyumba hawana jina, wakachukua dini, lugha, mapishi, namna ya kufunga nguo na kukaribisha mgeni, wakavifanya vyao kiasi kwamba mjukuu wao leo anamfokea mjukuu wake kwa jina lile lile alilojiita bwana. Huo ndio ustaarabu wa Kaze ninaoweza kuugusa. Snay hakuugawa. Walioufikisha kwangu ni akina bibi yake bibi, na waliupata kwa bei ambayo hakuna mtu nyumbani kwetu anataka kuitaja.

Na haikuwa zamani hivyo. Utumwa haukuisha Tabora siku Livingstone alipopita. Wajerumani walikuja, wakampiga mtemi Isike mwaka 1893 mpaka akajilipua na baruti yake, wakajenga boma, na bado hawakufuta utumwa. Walichofanya ni kutoa amri mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Miaka mitatu baadaye, 1925, Mwingereza huyo huyo anafungua shule Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu. Wazo ni lile la baraza: elimu ianzie nyumba kubwa, itachuruzika yenyewe hadi uani. Hapo ndipo alipopita Nyerere kuanzia 1937, mtoto wa Chifu Burito, na Abdallah Fundikira wa ukoo ule ule wa Itetemia. Uhuru ulipokuja, Nyerere aliufuta uchifu. Nimejiuliza kama bwenini Tabora kuna mtu aliwahi kumuuliza swali kama la yule binti.

Turudi kwake basi. "Mtu wa wakati wake." Nilipolitafakari jibu langu nikaona lina uvivu ndani. Wakati wa Snay haukuwa na sauti moja. Mwaka 1845 Sayyid Said alitia saini mkataba na Waingereza kuzuia watumwa wasisafirishwe kutoka Afrika Mashariki kwenda Arabuni, na ulianza kufanya kazi 1847. Snay, mfanyabiashara wa Maskati na Zanzibar, hakuweza kukosa habari hiyo. Kwa hiyo ubishi ulikuwepo, tena mezani kwa mfalme wake mwenyewe. Mnywa Sele alikuwa mtu wa wakati ule na aliwaambia Waarabu hapana. Na watumwa waliokuwa wanatoroka misafara usiku, wakijua simba wako porini na kwao ni mbali, walikuwa watu wa wakati ule ule, na walishatoa hukumu yao kwa miguu. Mimi ndiye niliyewatoa kwenye hesabu niliposema "wakati wake", kama vile wakati ulikuwa mali ya mwenye nyumba.

Je, alikuwa mtu mzuri? Alikuwa mwenyeji mzuri, nadhani bora kuliko wengi. Alikuwa mwalimu mzuri, na kwa kazi ninayosomea ninamuonea wivu. Aliuza watu. Nimejaribu kuyaunganisha hayo matatu kuwa jibu moja la kumpa mtoto wa miaka 15 kabla ya kengele, na nimeona afadhali nimpe yote matatu ayabebe mwenyewe, maana uwezo anao kuliko mimi.

Nimeshaongea na mwalimu niliyemwachia lile darasa. Nitaprinti haya maelezo nimtumie kwa basi, amsomee yule binti, na kama ana swali la tatu aliandike nyuma ya karatasi. Bibi nimempigia simu leo asubuhi, nikamwambia nimeandika juu ya Tabora ya zamani. Akaniuliza kama nimekula.

Haya wadau, asaimenti ya pili inatakiwa Jumatatu na sijaigusa. Nakimbilia maktaba kabla viti havijaisha.